Safu ya Ndege

Daftari lilikuwa langu, na mwandiko ni wangu.
Nasema haya kabla hamjaniuliza.

Alipandishwa dunguni ana miaka saba,
kombeo mkononi, vidonge vya udongo kwenye pindo la kaniki,
toka alfajiri hadi magharibi akipiga ukelele
juu ya mtama wa Bwana Muhenna,
mtama ulioanzia nyuma ya mji wa Malindi
ukaenda mpaka macho yakachoka.
Jina walimpa wao: Faida.
Aliyemtangulia aliitwa Hamsini, kwa bei yake.

Msimu wa kulima, kila mtu na ngwe yake.
Kamba ya msimamizi ilikuwa ndefu asubuhi,
na kibaba chake kifupi jioni.

Mabruki alisoma Kurani nje ya ukuta,
ameshika punda aliyewaleta watoto wa bwana chuoni.
Punda akisinzia, yeye anahifadhi,
juzuu kwa juzuu, kupitia dirishani,
hata ikawa watoto wakikosea, anakohoa.
Siku imamu alipougua, Mabruki alisogea mbele
hatua moja.
Wakamvuta kanzu kwa nyuma, ikachanika,
tukaswalishwa na mtu aliyeikosea Alhamdu.

Ijumaa iliyofuata mwalimu akatukumbusha:
mtumwa mtiifu ana thawabu mara mbili,
na mtoro, sala yake haipandi juu ya utosi wake.
Faida alikuwa nje, penye viatu vya watu.
Akauliza, si kwa sauti:
"Na ya yule aliyemkimbiza, hupanda mpaka wapi?"

Sijui nani alipanga.
Waliulizwa kwa bakora, hawakusema.
Mtama ulikuwa bado una maziwa,
kwelea wakaja kama moshi unaogeuka njiani,
na kwenye madungu yote kumi na tisa
kimya.
Watu wamekaa. Makombeo yananing'inia shingoni.
Tuliokuwa mjini tuliamshwa na kule kutosikia.

Bwana Muhenna alitoka na mtalawanda mmoja mguuni,
akaita majina aliyoyatoa mwenyewe:
Baraka! Tumaini! Subira! Faida!
Hakuna lililoitika.
Kwelea walikula hadi matawi yakainuka, mepesi.

"Una nini wewe?"
"Sauti imekwisha, Bwana. Imekwishia shambani kwako."

Usiku ule Mabruki alivuka Sabaki, mgongo haujakauka.
Wako wasemao amejenga msikiti wa makuti kwa watoro wenziwe
na yeye ndiye husimama mbele.
Sala yake inafika au haifiki, mimi sijui.
Huko sikuwa na daftari.

Miaka ikapita, serikali ikaleta meza.
"Thamani?" Mzungu akauliza, mkalimani akageuza.
Bwana Muhenna akataja rupia, akaapa juu yake.
Nikaandika: jina, umri wa kukisia, rupia, jina la mwenye mali.
Mwenye mali akalipwa.
Mali ikaambiwa, haya, nenda.

Faida hakwenda.
Alilitazama daftari kutoka upande wake, kichwa chini miguu juu,
akaweka kidole penye weupe:
"Mwanangu, na sauti yangu umeiandika wapi?"
Nilihesabu safu. Nne.
Ya tano haikuwa imechorwa,
na kalamu ilikuwa na wino.
Hilo ndilo nilitaka mlijue. Kalamu ilikuwa na wino.

Sasa ana kipande chake kando ya njia ya Ganda,
anakilipia ijara kwa mtoto wa Muhenna.
Hulima mtama. Dungu hana.
Ndege huwapungia kitambaa, bila neno,
ila safu ya mwisho, ile iliyo upande wa njia,
hapo huwaacha.

Nilisimama nikamwuliza kwa nini.
"Hawa walinifanyia kazi siku moja," alisema,
"na mimi sipendi kulala na ujira wa mtu."
Akanitazama kidogo,
kisha akaendelea kupepeta.